Sekunde Kumi na Tisa

Mwaka wa pili. Alhamisi. Mvua ya Bangor
inaingia hata mifukoni mwa koti.
Nina funguo tatu zisizo zangu, na beji yenye picha
niliyopigwa jicho moja likiwa limefumba.
Chini ya jina langu, Heledd, pameandikwa *mwanafunzi*
kwa wino mwekundu,
kama onyo kwenye nguzo ya umeme.

Nyumbani wanadhani nasomea kuingia vichwani mwa watu.
Mjomba Idwal, kila Krismasi, hujifunika paji la uso kwa sahani:
"Usinisome, mtoto!" Meza nzima inacheka.
Ninachosomea ni kukaa.
Kukaa kwenye kiti kisichonesa, kimo sawa na cha mwenzangu,
sanduku la karatasi laini katikati,
lisimsogelee mno, asije akadhani
nimemwamuru alie.

Mgonjwa wangu wa nne nitamwita Bwana G.,
kanuni ndivyo zitakavyo.
Alipasua mawe ya kuezekea mapaa kule Blaenau
tangu akiwa na miaka kumi na mitano.
Dodoso lilimpa alama ishirini na mbili.
Swali la tisa alilijaza upesi: sifuri,
kisha akaitazama kalamu
kana kwamba ndiyo iliyoongopa.

Nilimuuliza usingizi. Nilimuuliza chakula.
Nilimuuliza mkewe, aliyefariki Februari.
Akanyamaza.
Nikamuuliza tena usingizi.

Dakta Nerys, msimamizi wangu,
husikiliza rekodi huku akimenya chungwa.
Ganda linashuka utepe mmoja, halikatiki.
"Rudisha nyuma. Hapo. Kimya cha sekunde ngapi?"
Nne.
"Na hapo?"
Tatu.
"Nani alikuwa anaogopa?"

Nilitaka kumjibu kwa nadharia. Ninazo,
nimezilipia kwa macho na kwa mkopo wa benki.
Nikasema: mimi.
Akanipa kipande cha chungwa.
Hiyo ndiyo ilikuwa tathmini.

Husemwa kimya kingi kina mshindo.
Hawasemi msikilizaji akae vipi,
wala mikono yake aiweke wapi.
Wiki iliyofuata niliikalia, kweli,
kama mtoto kanisani.
Saa ya ukutani ina mshale unaosita kabla ya kila hatua.
Kumi. Kumi na mbili.
Uani gari la taka likarudi nyuma likilia.
Kumi na tano. Nikaona kovu kwenye kidole gumba chake
ambalo kwa wiki tatu sikuwa nimeliona.
Kumi na tisa.

"Jiwe," akasema, "hulipigi tu.
Unaligeuza, unatafuta linapotaka kuachia.
Vijana walikuwa wanapiga."
Kisha: "Viatu vyake bado vipo mlangoni.
Kila asubuhi navigeuza
vitazame nje."

Pole ilinijia mpaka menoni, nikaizuia.
Nikasema: "Vitazame nje."
Alilia kama mtu anayekohoa.
Karatasi hakuzigusa. Alitumia kofia.

Niliandika kisa chake, maneno elfu tano,
nikaliweka jiwe aya ya kwanza, nikaliweka na ya mwisho.
Dakta Nerys alipiga mistari miwili:
*Sitiari ni yake. Mrudishie.*

Mara ya sita hakuja. Wala ya saba.
Nilipiga simu, ikaita, ikaita.
Nikamwandikia daktari wa kijijini, naye akapita kwake:
yu salama, anasema atarudi
akishamaliza kuchimba viazi.
Kompyuta ya hospitali ina visanduku viwili,
*Amepata nafuu* na *Hakuhudhuria*.
Cha viazi hakuna.

Saa tano usiku nikafika chumbani,
nikavua viatu vilivyolowa, nikavitupa ovyo
kama siku zote.
Kuna takwimu za tasnifu zisizokubali kukaa sawa,
kuna mtihani wa mdomo mwezi Juni,
kuna mama anayesubiri nimpigie.
Nilisimama pale mlangoni, soksi zikichuruzika.
Sikuhesabu.